Siku Mzee Breki Alipopakiwa

Kama kuna binadamu asiyefaa kupakiwa nyuma ya pikipiki, ni mwalimu wa udereva. Na katika walimu wa udereva wote, asiyefaa hata kwa kulazimishwa alikuwa huyu ambaye mji mzima ulimwita Mzee Breki, na jina lenyewe hakupewa kwa mapenzi.

Gari la shule yake lilikuwa dogo, jeupe, lenye kibao juu ya paa, na upande wa mwalimu kulikuwa na pedali ya pili ya breki, ili mwanafunzi akiboronga, mwalimu aokoe jahazi. Walimu wengine waliigusa pedali hiyo ajali ilipokaribia. Yeye aliikanyaga asubuhi mpaka jioni. Mwanafunzi akisogea kushoto kidogo, breki. Akichelewa kubadilisha gia, breki. Akipiga chafya, breki. Na kila breki ilikuja na hotuba yake: "Macho umeyaacha nyumbani? Hicho kioo umewekewa ujipodoe? Nani kakwambia ugeuke, nakuuliza, nani?" Watu wazima na ndevu zao, watu wenye wake na wakwe, walishuka kwenye gari lile wakilengwalengwa na machozi. Lakini walifaulu mtihani, tusimnyime haki yake. Aliyekwisha kufokewa na Mzee Breki hakuona tena cha kuogopa kwa askari wa barabarani.

Ubaya ni kwamba kazi hakuiacha kazini. Alirudi nayo nyumbani kila siku kama harufu ya petroli. Mkewe akimimina chai, "Inua birika kidogo, utamwaga." Akifunga mlango, "Vuta kwanza, ndipo usukume komeo." Akikunja shuka, mzee atasimama mlangoni, mikono kiunoni, akiangalia kona zinavyokutana, na kama hazikukutana, loo! Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwao, na alikuwa amejipatia dawa yake: akisahihishwa, alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mlio wa mashine ukaumeza ushauri. Wateja wa nguo waliokuwa wakipita njiani waliusikia ule mlio wakasema, leo fundi ana kazi nyingi. Kazi gani! Alikuwa anajitetea.

Kuendesha gari alijaribu kumfundisha mara moja tu, ndoa ikingali mbichi. Walifika kwenye makutano ya kwanza tu. Bibi arusi alifokewa mpaka akavuta breki ya mkono katikati ya barabara, akachukua mkoba wake, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu huku magari yakimpigia honi mwalimu. Tangu siku hiyo neno usukani halikutajwa tena kati yao.

Sasa mzee amestaafu. Watoto wamekwenda kujitegemea, shule imempa saa ya ukutani na maneno matamu, na yeye anashinda nyumbani kutwa akitafuta cha kusahihisha. Unajua mwenyewe atakipata kwa nani. Wakati huohuo shangazi ya mkewe, aliyemlea tangu utotoni, akafariki dunia na kumwachia nyumba shambani, mbali na lami. Jioni moja mama wa watu akakata uzi kwa meno, akaweka mkasi chini, akasema, "Mimi nahamia kwa marehemu shangazi."

"Unahamia?" mzee akauliza. "Na mimi je?"

"Wewe ni mume wangu, karibu. Breki ndiye simtaki. Breki nimeishi naye vya kutosha. Kule nataka nizeeke bila kuelekezwa namna ya kuzeeka."

Mzee akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Tutakwenda kwa pikipiki," mkewe akaendelea, "naendesha mimi. Tutapita njia za ndani, taratibu, hatukimbizani na mtu. Ukiweza kukaa nyuma yangu mpaka kule bila kunifundisha, utaweza kukaa nami nyumba moja. Usipoweza, kuna basi la jioni linarudi mjini. Utalipanda, hatutagombana, na watoto tutawaambia umebaki kuilinda nyumba."

"Pikipiki gani? Nani kakufundisha pikipiki?"

Kumbe! Wale waendesha bodaboda walioegesha mbele ya baraza lake, waliokuwa wakishonewa vifuniko vya viti na kutiwa viraka makoti, walikuwa wamemlipa kwa namna yao. Walimpeleka uwanjani nyuma ya shule ya msingi, siku baada ya siku, wakati mumewe yuko mjini akiwaliza watoto wa wenzake. Leseni anayo. Pikipiki nyekundu iliyotumika kidogo anayo. Mzee Breki alihisi ameibiwa ndani ya nyumba yake huku macho yake wazi.

Lakini kilichomtisha hakikuwa pikipiki. Siku mbili baadaye alirudi kutoka dukani akakuta mahali pa cherehani pana alama za miguu ya mashine sakafuni tu. Cherehani imetangulia na lori la mizigo. Alisimama pale barazani, akasikiliza, na nyumba haikutoa sauti yoyote. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mkewe hatanii, na kwamba yeye hawezi kukaa ndani ya nyumba ile peke yake hata wiki. Aliogopa, naye si mtu wa kukiri kwamba ameogopa, kwa hiyo akaingia ndani akamsahihisha mkewe namna ya kufunga begi.

Waliondoka asubuhi. Mke mbele, mume nyuma, kofia ngumu vichwani, begi limefungwa kwa mpira nyuma ya mgongo wa mzee. Kabla hawajafika mwisho wa mtaa mzee alikuwa amekwisha kuuma ulimi mara kadhaa. Mkewe hakuwasha indiketa penye kona. Hakutazama kioo. Alikaa kwenye gia ya pili mahali ambapo hata mbuzi angeona ni pa gia ya tatu. Maneno yalimjaa mzee kooni yakisukumana kutoka, naye akayameza moja moja, na kila moja likashuka kama mfupa.

Wakaacha lami, wakaingia njia ya vumbi kati ya mashamba. Na hapo ndipo adha ilipoanza. Yule mama hakuendesha, alitembea! Baiskeli yenye mzigo wa kuni iliwapita, na mwenyewe akawapungia mkono kwa huruma. Wakafika penye mwanamke anayeanika mahindi, pikipiki ikasimama. "Habari za hapa, dada? Mahindi mazuri, yamekubali." Wakazungumza mahindi mpaka yakakaribia kukauka. Wakaendelea kidogo, pikipiki ikasimama tena: ng'ombe wanavuka. Ng'ombe wakamaliza kuvuka. Pikipiki bado imesimama, mama anawatazama wakienda zao. Mbele tena akasimama penye kilima, akazima injini, akavua kofia, akaliangalia bonde kama mtu aliyepotezewa kitu mle.

Mwenda pole hajikwai, sawa, mzee alijiambia moyoni, lakini huyu hata hiyo pole yenyewe haendi. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Alifanya hesabu yake: kwa lami na basi wangekuwa wamefika, wamekula, na yeye amekwisha kukagua madirisha. Jamani, hivi tunasafiri, au tunaisindikiza pikipiki?

Mdomo aliudhibiti. Mguu ukamshinda. Penye kila kona, kila shimo, kila kuku anayefikiria kuvuka, mguu wake wa kulia ulikikanyaga kikanyagio cha abiria kwa nguvu zote, na pikipiki nzima ikatikisika.

"Mguu huo," mkewe akasema bila kugeuka.

"Mguu haujasema kitu."

"Mguu wako una maneno kuliko mdomo."

"Sasa niukate?"

"Ungekuwa unakatika ningekuja na mkasi."

Mzee akaona ameonewa. Mtu anajitahidi hivi, amefyata ulimi tangu asubuhi, hajasema lolote kuhusu klachi inayounguzwa, na bado mguu unashtakiwa! Mashaka yakamwingia: je, mguu unahesabiwa? Amekwisha kufeli kwa mguu? Hakuthubutu kuuliza, na kutothubutu huko kukamchoma zaidi, kwa sababu tangu lini yeye akawa mtu wa kungoja alama za mwingine?

Jua lilipokuwa kali wakasimama penye kibanda cha chai kilichoezekwa kwa mabati, chenye mabenchi mawili na meza iliyotandikwa plastiki yenye maua. Mkewe akaomba maji ya kunawa vumbi, akaenda uani. Mzee akaketi. Kwenye benchi la pili alikuwepo dereva wa lori, jitu la miraba minne, anachovya mkate kwenye chai. Akainua macho, mkate ukabaki hewani.

"Mzee Breki! Ni wewe au mzimu wako?"

"Ni mimi. Nilikufundisha?"

"Ulinifundisha? Uliniua ukanifufua!" Dereva akacheka mpaka benchi likalia. "Shikamoo, mwalimu. Mpaka leo, mwalimu, kila nikikaribia makutano, nakusikia hapa sikioni. Mke wangu akisema nami nikiwa kwenye usukani, simsikii. Nakusikia wewe. Mikono inaloa jasho kabisa."

"Marahaba. Ndiyo maana uko hai," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajisikia mtu. Lakini lile neno la mikono kuloa jasho lilibaki mahali fulani, halikushuka vizuri na chai.

"Mnaelekea wapi, kwani? Njia hii ya chini? Basi mkifika darajani, lile la mbao, mshike kushoto. Upande wa kulia mbao zimeng'oka, watu wamefunika kwa majani makavu tu, huwezi kujua. Mimi lori nimelipitisha majini. Kushoto mtapita vizuri."

Dereva akaaga, akapanda lori lake, akaondoka akipiga honi. Mkewe akarudi kutoka uani, uso unang'aa kwa maji, akanywa chai yake polepole, nawe unajua polepole hiyo sasa. Mzee akafungua mdomo amwambie habari ya daraja.

Akaufunga.

Kwa maana alijiuliza: nikimwambia shika kushoto, si nimemwelekeza? Si ndiyo hayohayo? Mtu ambaye hata mguu anaushtaki, ataliachia hili? Akageuza jambo huku na huku. Na chini kabisa ya hoja hizo zote, mahali ambapo mtu hapendi kuchungulia, palikuwa na jambo jingine, dogo, lenye ladha tamu: acha aone. Mara moja tu, acha aone barabara inavyokuwa bila Breki.

Wakapanda. Njia ikateremka, miti ikasogea karibu, mto ukasikika kabla haujaonekana. Daraja lilikuwa fupi, la mbao, halina kingo. Upande wa kushoto palikuwa na tope la maji ya mvua. Upande wa kulia palikuwa pakavu, pametandazwa majani, safi kabisa. Mtu yeyote mwenye akili zake angeshika kulia, na mkewe akili anazo.

Akashika kulia. Mguu wa mzee ukatulia, haukukanyaga kitu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wahenga, na ule mshindo ukaja: tairi la mbele likazama kwenye majani, pikipiki ikainama kama ng'ombe anayelala, na wote wawili wakamwagika juu ya mbao. Ilikuwa ajali ya polepole, maana hata kuanguka mama alianguka kwa mwendo wake uleule. Hakuna damu. Mzee hakuchubuka hata kidole. Lakini mkewe alikuwa ameanguka na mkono wa kushoto mbele, na alipojaribu kuuinua akatoa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia tangu watoto walipozaliwa.

"Pole! Pole, mke wangu! Kunja vidole, nione, vinacheza?"

Vidole vilicheza. Kiwiko kilicheza. Kifundo cha mkono ndicho kilichokuwa kimeanza kuvimba. Mkewe akaketi kwenye mbao, ameushika mkono kwa mkono, akalitazama lile shimo na majani yake.

"Nani angejua," akasema, bado anahema. "Majani yote yale. Hata wewe hukuona, na macho yako hayo."

Hapo, ndugu yangu, angenyamaza. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Lakini Mzee Breki hakuweza kuvumilia kudhaniwa hakuona.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba mbao za kulia zimeng'oka. Yule dereva wa lori aliniambia tulipokuwa tunakunywa chai. Alisema mshike kushoto."

Mto ukapita chini yao. Mkewe akamgeukia polepole.

"Ukanyamaza."

"Si ulisema nisikufundishe?"

"Ukanyamaza!"

"Masharti uliweka wewe! Mguu ukisogea, kesi! Ningesema shika kushoto ungesema Breki ameanza! Sasa mtu afanye nini? Asipande, asishuke, asiseme, asinyamaze!"

"Wewe mwanamume wewe!" Fundi cherehani alikuwa mtu wa sauti ya chini maisha yake yote, na sasa ndege wakaruka kwenye miti. "Kufundishwa na kuambiwa ni kitu kimoja? Nyumba ikiungua utanyamaza usije ukaonekana unanifundisha kuzima moto?"

Mzee akafungua mdomo, na jawabu lililotoka lilimshangaza hata yeye. "Mimi sijui tofauti yake. Kweli nakwambia. Tangu nianze kazi ile, nikimwambia mtu kitu, namwambia cha kufanya. Sijui kusema namna nyingine."

Mkewe akaanza kufungua mtandio wake kwa mkono mmoja na meno. "Nifunge mkono huu," akasema. "Nifunge, na usinieleze unavyofunga."

Sasa njoo uone vituko. Mkono wa kushoto ndio wa klachi, na mkono huo umefungwa shingoni. Kurudi kwenye kibanda cha chai ni mbali, kwenda mbele ni mbali, njia haina mtu. Ilibidi mzee aendeshe. Na Mzee Breki, mwalimu wa madereva, mbabe wa makutano, pikipiki hajui. Hajawahi hata kuiwasha. Miaka yote alikuwa akisema pikipiki ni chombo cha watu waliochoka kuishi.

Akaichomoa pikipiki shimoni, akaivusha daraja, akakaa mbele, mkewe nyuma. Akawasha. Akaingiza gia, akaachia klachi, pikipiki ikaruka kama chura, ikazimika. Akawasha tena. Chura tena. Mara ya tatu ikaenda, mzee akashtuka, mguu wake wa kulia ukafanya ulichozoea, na kwenye pikipiki, kwa bahati mbaya, mguu wa kulia una breki ya kweli. Wakasimama ghafla, pua ya mkewe ikagonga kofia yake.

Akakunja mabega, akangoja. Alizijua kelele zinazofuata, alizitunga mwenyewe: macho umeyaacha nyumbani, mguu huo ni wa kwako au umeazima? Akangoja ziangukie kisogoni kwake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Tena," mkewe akasema.

Akajaribu tena. Ikazimika. "Tena," kwa sauti ileile. Ikazimika. Mikono ya mzee ikaanza kuloa jasho kwenye vishikio, akailaani, akaifuta kwenye suruali.

"Sema basi!" akafoka. "Unanitesa! Nimekosea wapi?"

"Unajua ulipokosea. Umeachia klachi haraka. Mimi nikikwambia utajua zaidi?"

Akawasha, akaachia klachi kama mtu anayelaza mtoto, na pikipiki ikaenda. Ikaenda kwa kuyumba, ikaenda kwa aibu, mwendo ambao asubuhi aliudharau sasa ukaonekana kwake kasi ya wazimu, lakini ikaenda. Na kutoka nyuma yake sauti ya mkewe ikawa inasema, mara chache tu, "Mbele pana mchanga." Baadaye, "Kuna mbuzi kushoto." Baadaye tena, "Kona inayofuata ni kali." Hakusema punguza. Hakusema shika huku. Mzee alingoja kila mara sehemu iliyobaki ya sentensi, amri yenyewe, na sehemu hiyo haikuja, ikambidi aimalizie mwenyewe. Ilimuudhi sana. Lakini penye mchanga alipita, mbuzi wakabaki hai, na kona ile kali ikawaachia.

Jua lilikuwa limeinama walipofika njia panda. Mzee alikusudia kusimama kwa heshima. Pikipiki ikazimika yenyewe.

"Kulia ni kwa marehemu shangazi," mkewe akasema. "Kushoto ni stendi. Basi la jioni bado halijapita."

Mzee akangoja amri.

"Sasa nielekee wapi?"

"Nimekwambia kulia kuna nini na kushoto kuna nini."

"Nauliza wewe unataka niende wapi! Si wewe ndiye mpimaji leo? Nimefeli, sema nimefeli, yaishe!"

"Umefeli, ndiyo," mkewe akasema, wala hakuinua sauti. "Lakini nilijiandaa ufeli kwa kusema. Umefeli kwa kunyamaza. Sasa hata mimi sijui nifanye nini na wewe."

Mzee akaitazama njia ya kushoto, imenyooka, nzuri, inarudi kwenye nyumba yenye alama za miguu ya cherehani sakafuni. Na kwa sababu hakuwa anamtazama mkewe usoni, lile jambo la chini kabisa likatoka.

"Nilitaka uanguke."

Mkewe akaurekebisha mkono kwenye mtandio.

"Si uumie. Haki ya Mungu, si uumie. Uanguke kidogo tu. Useme, mume wangu, bila wewe siwezi."

"Najua," akasema mkewe. "Nilijua palepale darajani. Nimekaa huku nyuma njia nzima, mkono unanipwita, nangoja uniambie mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nawe hujaniuliza hata siku moja kwa nini sikutaka kupanda basi. Kabla hatujaondoka ulinieleza tu kwamba nimekosea njia."

"Si ulisema unataka kwenda taratibu?"

"Naogopa, baba. Ningepanda basi ningefika kabla sijawa tayari. Unadhani kusimama kote kule ni kupenda mabonde? Shangazi alifia mikononi mwangu ndani ya nyumba ile, mimi peke yangu, na wewe hukuniuliza alikufaje. Nilirudi, ukaniambia begi nimeliweka vibaya mlangoni. Kila nikiwaza kuusukuma mlango ule, nasimamisha pikipiki. Lakini mtu wa kunielekeza namna ya kuingia simtaki. Nataka mtu wa kuingia naye."

Mzee Breki alikuwa na mengi ya kusema. Yalimjia yote kwa pamoja, kama kawaida yake: kwamba wafungue madirisha kwanza, wafagie, waanzie jikoni, chumba kile wakifunge kwa muda, wamwite jirani. Ushauri mzuri wote huo, na wa bure. Akashuka kwenye pikipiki, akaiegesha, akaja akasimama mbele ya mkewe aliyebaki ameketi kwenye kiti cha nyuma, mkono shingoni, vumbi kwenye nyusi.

"Alikufaje?" akauliza.

Mkewe akamtazama kuona kama kuna neno jingine linafuata. Halikufuata. Basi akaanza kumwambia, tangu jioni ile homa ilipopanda, akaanza na mambo madogo, shuka ilikuwa ipi, taa ilikuwa wapi, na alisimulia kwa mwendo wake uleule, akisimama kila mahali. Mzee alisimama naye. Vumbi likapanda upande wa kulia, basi la jioni likatokea, likapunguza mwendo, kondakta akaning'inia mlangoni akipiga bati, "Mjini! Mzee, mjini!" Mzee akalipungia mkono lipite, wala hakugeuza kichwa, maana mkewe alikuwa ndiyo kwanza amefika pale shangazi alipoomba maji.